Chuo Chenye Mlima Wake

Mjini Ironwood, jimbo la Michigan nchini Marekani, darasa moja lina mteremko. Chuo cha Gogebic Community College, kilichoanzishwa mwaka 1932, kinamiliki kilima cha Mt. Zion, na wanafunzi wanaosomea uendeshaji wa vituo vya skii hushiriki kukiendesha.

Hongera zao, maana kazi hii si lelemama.

Mtelezaji huona weupe tu, haoni waliokesha. Theluji ya angani isipotosha, hutengenezwa: maji na hewa iliyoshindiliwa hurushwa kwa mizinga, matone yakaganda kabla ya kutua. Kupima baridi peke yake hakutoshi. Unyevu nao huangaliwa, kwani katika hewa kavu matone huganda kwa urahisi zaidi. Kisha usiku mtambo mzito hupita ukiisawazisha theluji, ili asubuhi wageni wakute njia laini.

Bado kuna kukagua nyaya na breki za lifti, kurekebisha vifungo vya skii ili viachie mguu mtu anapoanguka, kumshusha majeruhi kwa machela ya kuburuta, na kupanga zamu za vibarua wa msimu.

Zamani Ironwood uliishi kwa migodi ya chuma. Migodi ilifungwa, lakini Ziwa Superior halikuacha kuuletea theluji: upepo wa baridi ukivuka maji huzoa mvuke, ukaumwaga nchi kavu. Chuo kimeifanya theluji hiyo kuwa somo, na wanafunzi wake hutoka na ujuzi walioupata kwa mikono yao wenyewe, glavu zikiwa zimelowa.