Juu ya Kuwapima kwa Mapengo Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza

Mwalimu apokeaye Kidato cha Kwanza katika Tanzania ana kazi ngumu kabla hajafungua kitabu. Wengi wa watoto walio mbele yake walifundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu. Wachache wametoka shule zifundishazo kwa Kiingereza tangu mwanzo. Naye atakiwa kuwafundisha wote kwa Kiingereza. Taarifa ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari hakikutosha kujifunzia masomo. Walakini waandishi wale wale wakashauri kiendelee kuwa lugha ya kufundishia! Basi si ajabu walimu wakitafuta kipimo cha kuwagawa watoto upesi.

Kipimo kimoja chepesi ni cha mapengo: katika kifungu hufutwa, tuseme, kila neno la saba, na mwanafunzi hujaza. Lakini yafaa tukumbuke asili yake. Mmarekani Wilson Taylor alipokieleza mwaka 1953, alitaka kupima ugumu wa maandishi, si ujuzi wa msomaji. Wengine ndio waliokigeuza baadaye kuwa kipimo cha wajifunzao lugha ya kigeni.

Hapo ndipo tunaposita. Neno la saba halichaguliwi. Laweza kuwa jina la maana, laweza kuwa "the" au "she". Na Kiswahili hakina neno lililo sawa na "the", wala hakitengi mume na mke katika "yeye": husemwa "alitaka maji", akiwa baba au mama. Mtoto aandikaye "he" mahali pa "she", habari yenyewe ikiwa ya mama aliyekwenda kisimani, huenda ameifahamu yote barabara. Vivyo hivyo yule aliyeandika kwamba mvua "ililivunja" daraja, mwandishi aliposema "ililiharibu": ikihesabiwa haki kwa neno lile lile tu, amekosa. Na mwenzake aliyezoea Kiingereza cha darasani tangu utoto hujaza maneno madogo kwa mazoea ya sikio, pengine bila kujua habari yahusu nini.

Kosa hili si dogo. Atiwaye katika mkondo wa chini hupewa vitabu vyepesi, na wenziwe humwita mjinga. Akikaa humo miaka miwili, huanza kuwasadiki.

Twaonelea mwalimu akubali kila neno lenye maana ifaayo, kisha amwite mtoto, ampe kifungu kizima, amwambie aeleze kwa Kiswahili alichosoma. Itasemwa kwamba darasa ni kubwa na siku ni chache. Ni kweli, lakini wa kuitwa si wote, ila wale ambao makosa yao yameangukia maneno madogo, na hao huonekana kwa kuitazama karatasi mara ya pili.