Mti Mkavu katika Filamu za Tarkovsky na Kahiu: Suala la Istiara

Kwa mtazamaji wa Kaptagat, karibu na Eldoret, aishiye kando ya msitu, mti ni mti kabla haujawa fumbo. Msingi huu hupuuzwa na wahakiki wanaofasiri kila mti wa filamu kuwa "tumaini". Katika Offret (1986), filamu ya mwisho ya Andrei Tarkovsky, baba anasimika mti mkavu mbele ya mwanawe mdogo asiyeweza kusema. Mwishoni baba amekwisha kuchukuliwa; mtoto anaumwagilia, na hapo ndipo anapotamka. Mti hauonyeshwi ukichipua. Katika Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu, Asha anautilia mche jasho lake na kuukinga jua kwa mwili wake. Mti unamea pale alipolala. Ishara ni moja, istiara ni mbili: Tarkovsky anasaili imani isiyodai mavuno, ilhali Kahiu anasaili gharama ya mavuno yenyewe. Kuziita zote "tumaini" ni kulifuta swali la kila moja: nani amwagilie, na kwa maji ya nani? Fasiri ya istiara, basi, haina budi kuanzia kwenye ndoo, ndipo ipande kwenye dhana.