Mama Balozi na Wageni Wake

Kuna watangazaji wanaomhoji waziri kwa kumnyenyekea, na wengine humrukia kooni. Pieter-Dirk Uys wa Afrika Kusini alimkaribisha kama mgeni wa nyumbani. Mwaka 1994, mwaka wa uchaguzi ule mkubwa wa kwanza wa watu wa rangi zote, alitokea kwenye televisheni ya M-Net katika kipindi cha Funigalore akiwa amevaa gauni, wigi na hereni. Jina lake humo ni Evita Bezuidenhout, mke wa mwanasiasa wa Kiboeri na balozi wa zamani wa Bapetikosweti, nchi ambayo haimo kwenye ramani yoyote. Miongoni mwa waliokaa naye alikuwamo Nelson Mandela.

Gauni si kazi. Hata mchekeshaji wa harusini kwetu Kongo, huko Kindu au Lokandu, hulivaa, akajaza matiti ya matambara, watu wakacheka, basi. Uys hafanyi hivyo. Evita wake hakonyezi kamera, hatembei kwa madaha ya kuigiza, hata sauti haipandishi sana. Ni bibi mwenye heshima zake, anayeamini kila neno analosema. Ubaguzi wa rangi unamtoka kinywani kwa utamu, kama mapishi ya Jumapili, na hapo ndipo unapouona ulivyo. Akimsifu mgeni, sifa huendelea hadi mgeni aanze kujikuna. Na mgeni afanye nini? Akifoka, amemfokea mama mtu mzima aliyemkaribisha vizuri. Akicheka tu, swali bado linamngoja. Mandela alizungumza naye kama vile yupo kweli, na nadhani huo ndio ushahidi mkubwa kuliko makofi yote.

Umri nao ulipangwa. Uys alizaliwa 28 Septemba 1945; Evita amepewa siku hiyohiyo, ila 1935. Mtu anayemtangulia aliyemuumba kwa miaka 10 anaruhusiwa mengi.

Evita hakuzuka studioni. Miaka ya 1970 wadhibiti wa serikali walipiga marufuku tamthilia za Uys, naye akamtoa mama huyu kwenye safu ya gazeti, kisha mwaka 1981 akampandisha jukwaani. Mengi aliyomsemesha yalikuwa maneno ya wakubwa wenyewe. Utampigaje marufuku anayekunukuu?

Mwaka 1996 Uys alifungua ukumbi katika stesheni ya zamani ya treni mjini Darling, akauita Evita se Perron. Sisi wa Maniema, ambao reli yetu inakomea Kindu na safari ya Lokandu ni ya mto, tunajua stesheni inavyoweza kungoja. Kuigeuza jukwaa ni wazo ambalo ningependa tuliibe huku. Mwaka 1999, uchaguzi ulipokaribia tena, Mama Balozi alipanda basi, akazunguka nchi akiwahimiza watu kupiga kura.