Jahazi halikupakwa kahawia: kutafuta rangi za chombo cha Lamu ukiwa Masakta

Karatasi ya rangi iliyokuja na seti ya modeli ya jahazi tuliyoiunganisha hapa Masakta ina maelekezo matatu tu: mwili kahawia, chini nyeupe, tanga jeupe. Anayefuata maelekezo hayo atapata kitu cha kupendeza mezani. Hatapata jahazi la Lamu la miaka ya 1930, na hilo ndilo tulilolitaka. Tuko Hanang, mlima uko mgongoni na bahari iko mbali, kwa hiyo hatuwezi kushuka ufukweni kukagua chombo. Hata tungeshuka, tungekuta vyombo vya leo, vyenye rangi ya kopo kutoka dukani.

Tulianza kwa kuacha swali la “rangi gani?” na kuuliza mafundi walipaka nini, na kwa sababu gani. Mwili wa jahazi kwa sehemu kubwa haukupakwa rangi kabisa. Ulipakwa kinga. Juu ya maji ubao ulilishwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, ili jua lisiupasue. Chini ya maji ulipakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Kahawia na nyeupe tunazoziona ni matokeo ya kazi hizo mbili, na matokeo hubadilika kadiri kazi inavyozidi kuzeeka.

Sifa haikai juu ya ubao kama rangi inavyokaa. Inazama ndani, na kila mkono mpya unaongeza giza. Ubao mpya wa mvule au msaji uliopakwa mara moja una rangi ya asali. Chombo kilichopakwa miaka mingi kina weusi wa kahawa, hasa pale mikono na kamba zinapogusa kila siku, huku mbao zinazopigwa na jua bila kupakwa zikienda kijivu. Kahawia moja ya kopo haiwezi kusema hayo yote. Kwa jahazi letu tulitumia mafuta ya alizeti, ambayo Hanang hayana shida. Yanakauka polepole, kwa hiyo kila mkono lazima uwe mwembamba, upanguswe kwa kitambaa na uachwe mpaka usinate. Kila ubao tuliupa idadi yake ya mikono. Mbao tulizochukulia kuwa zilibadilishwa karibuni tuliziacha hafifu zaidi, kwa maana chombo cha kazi hutengenezwa kipande kwa kipande.

Deheni ndiyo iliyotufundisha zaidi, na hapa kukaa bara kulikuwa faida. Shahamu ya ng'ombe inapatikana kwa mchinjaji yeyote, na chokaa inauzwa duka la vifaa vya ujenzi. Tuliyeyusha shahamu, tukachanganya na chokaa, tukapaka kibao ikiwa bado ya moto. Haikutoka nyeupe ya karatasi. Ilitoka nyeupe yenye umanjano kidogo, nzito, isiyong'aa, kama maziwa ya mgando, na alama za vidole zilibaki humo. Chokaa ya pwani ilichomwa kutoka kwenye mawe ya matumbawe, na majivu yaliyoingia humo huivuta kuelekea kijivu. Kwa hiyo nyeupe safi ya kwenye karatasi ya maelekezo haifai, siku yoyote ya maisha ya chombo.

Kuna jambo la wakati pia. Deheni ilipakwa chombo kikiwa kimepwelewa, maji yakiwa yametoka sana wakati wa bamvua. Mafundi walikwangua chini, wakawasha makuti na kupitisha moto kwenye mbao kuua wadudu, kisha wakapaka kabla maji hayajarudi. Maana yake ni kwamba chini ya ile nyeupe kuna ubao ulioungua kidogo, na pale deheni inapokwanguka weusi huo hujitokeza. Mstari wa juu wa deheni nao haukupigwa kwa kamba. Ulifuata mkono wa mtu anayekimbizana na maji.

Wenzetu wa Ulaya wana njia nyingine. Merikebu Vasa ilizama Stockholm mwaka 1628 na kuopolewa mwaka 1961. Kwa muda mrefu watu waliamini ilikuwa buluu na dhahabu, na waunganishaji wa modeli waliipaka hivyo. Uchunguzi wa chembe za rangi zilizobaki kwenye sanamu zake ukaonyesha nyekundu kali nyuma ya sanamu za rangi nyingi, na modeli kubwa iliyo kwenye makumbusho yake, kwa kipimo cha 1:10, imepakwa hivyo. HMS Victory ya Uingereza nayo ilibadilishwa rangi mwaka 2015 baada ya matabaka yake ya zamani kuchunguzwa. Njia hiyo inahitaji rangi iliyojipanga tabaka juu ya tabaka. Kwa jahazi lililolishwa mafuta, hadubini itakuonyesha mafuta tu.

Hata hivyo rangi halisi ilikuwepo, kidogo, na pale ilipokuwepo ilitakiwa ionekane. Majahazi ya Lamu yalibeba macho mawili kwenye omo, yaani mbele ya chombo, vibao vya mviringo vyenye nakshi ya mwezi na nyota, na yalikuwa na mapambo kwenye shetri, yaani nyuma. Ushahidi wake ni picha za nyeusi na nyeupe. Alan Villiers, aliyesafiri na chombo cha Kuwait aina ya boum mpaka Unguja na delta ya Rufiji mwaka 1939, alituachia hazina ya picha za vyombo vya bahari hii. Nyingine nyingi zilipigwa na studio za Unguja. Kadi za posta zenye rangi za zama zile tuliziweka kando, kwa kuwa nyingi zilitiwa rangi kiwandani juu ya picha isiyo na rangi.

Picha hizo zina mtego. Filamu na vioo vya zamani havikuiona nyekundu: nyekundu ilitoka nyeusi, na buluu ikatoka nyeupe. Filamu zilizoenea miaka ya 1930 ziliziona rangi zote, ingawa kwa kijivu. Utajuaje picha iliyo mkononi ni ya aina gani? Tazama bendera. Bendera ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu hadi Desemba 1963, na inapepea katika picha nyingi za bandari ya Unguja. Ikiwa ni nyeusi na anga ni tupu kama karatasi, filamu haikuiona nyekundu. Ikiwa ni kijivu cha kati na mawingu yanaonekana, unaweza kuiamini zaidi.

Ukishazigawa picha katika mafungu hayo mawili, tofauti yenyewe inaanza kukupa rangi. Doa lililo jeusi kwenye mafungu yote mawili huenda ni jeusi kweli. Lililo jeusi kwenye fungu la kwanza na kijivu kwenye la pili linaelekea nyekundu. Jeupe linalogeuka kijivu linaelekea buluu. Njia hii ina mpaka wake: chombo kilipakwa upya mara kwa mara, kwa hiyo inafaa zaidi unapolinganisha desturi ya mapambo kuliko jahazi moja na jingine. Kibao cha macho kilichohifadhiwa makumbusho kinafaa kuwa shahidi wa tatu, endapo hakijapakwa upya baadaye. Na vitu hivi havidumu milele. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la Unguja ambamo mtepe (chombo cha mbao zilizoshonwa) uliojengwa upya uliwekwa, iliporomoka Desemba 2020. Natamani kila makumbusho ya pwani yapige leo picha za rangi za vyombo vyake, kukiwa na kadi ya vipimo vya rangi pembeni.

Tanga na kamba havikutuchelewesha. Tanga la kitambaa cha marekani kisichopaushwa huanza na rangi ya krimu na kuishia kijivu kwa jua na chumvi. Kamba za makumbi huanza na wekundu hafifu, kisha hupauka. Chai kavu iliyochemshwa ilitosha kwa vyote viwili.

Kazi ya mwisho ilikuwa umbali. Modeli ya 1:50 ukiitazama ukiwa sentimita 60 ni sawa na kulitazama jahazi kutoka mita 30, na waunganishaji wa modeli hulainisha rangi ili ziendane na umbali huo: nyeusi isiwe nyeusi kabisa, na nyeupe isikate. Weusi wa macho tuliuchanganya na kahawia kidogo, na wekundu tukaupunguza makali. Vanishi ya kung'aa hatukuitumia popote. Upande wa kushoto, karibu na mkuku, tulikwangua deheni kwa kucha mpaka ubao ulioungua ukaonekana, kwa sababu huko ndiko chombo kinakolalia mchanga kinapopwelewa.