Epson L3250: Kurasa 4,500 kwa Chupa Moja ya Wino!

Ukifika dukani usianze kuuliza printa ni bei gani. Uliza wino wake unauzwaje na unatoa kurasa ngapi! Hapo ndipo Epson L3250 iliponinasa, na tangu niitoe kwenye boksi sioni karatasi tupu bila kutamani kuichapisha: ratiba ya shule, risiti, hata ramani ya Afrika ya mtoto wa jirani.

Katriji haina hata moja. Ina matangi manne mbele, moja la wino mweusi na matatu ya rangi. Unafungua kifuniko, unapindua chupa juu ya tundu lake, wino unashuka wenyewe, na tangi likijaa unakoma wenyewe. Hakuna kufinya, hakuna bomba la sindano, vidole vinabaki visafi! Mara ya kwanza mashine hukaa kama dakika 10 ikivuta wino hadi kwenye kichwa cha kuchapishia, kwa hiyo chupa zinazokuja nayo boksini hutoa kurasa pungufu kidogo kuliko zitakazofuata. Baada ya hapo wino uliobaki unauona kwa macho, tangini.

Sasa hesabu, na hesabu ndiyo utamu wenyewe. Chupa nyeusi namba 103 ina mililita 65, na Epson wanaikadiria kurasa 4,500. Zile tatu za rangi, kwa pamoja, kurasa 7,500. Weka pembeni katriji nyeusi ya HP 123, inayotumika kwenye printa ndogo za bei ya chini ambazo wengi tulianza nazo: kurasa 120 hivi. Utanunua katriji 37 na bado hujaifikia chupa moja!

Hata ukiuziwa chupa hiyo shilingi 1,500 za Kenya, wino wa ukurasa mmoja wa maandishi ni kama senti 33. Rimu ya karatasi 500 ikiwa shilingi 650, karatasi moja ni shilingi 1.30. Yaani karatasi imekuwa ghali kuliko wino, karibu mara nne! Kwa mzazi wa Nairobi aliyezoea kulipa shilingi 10 kwa ukurasa pale saiba, na ambaye tangu mtaala wa umilisi uanze mwaka 2019 anatumiwa kazi za kuchapisha usiku kwenye WhatsApp, huu ni ukombozi. Picha zinazojaza ukurasa mzima hula wino zaidi, hilo lieleweke, lakini hata hapo hutaumia.

Wazo lenyewe la matangi ni tamu pia. Huko Indonesia watu walikuwa wameshachoka na katriji, wakaunganisha mirija na matangi yao ya nje kwenye printa za kawaida. Mwaka 2010 Epson wakaleta L100, yenye tangi lililotoka nalo kiwandani, na soko la kwanza likawa hilohilo la Indonesia.

L3250 inachapa, inaskani na kutoa kopi. Kwa Wi-Fi unatuma faili kutoka kwenye simu, kompyuta ikiwa imezimwa, na maandishi meusi hutoka kurasa 10 kwa dakika. Umeme haili: wati 12 hivi ikitoa kopi.

Kasoro nazo zipo: kugeuza karatasi ichapwe pande zote mbili ni kazi ya mkono wako, na kopi unaweka karatasi mojamoja juu ya kioo. Wino wake ukilowa maji huchuja, basi hati ya kutunza itie kwenye plastiki. La muhimu kuliko yote: ichapishe angalau ukurasa mmoja wenye rangi kila wiki, kwa sababu wino ukikaa sana hukauka kichwani. Anayechapisha barua mbili kwa mwezi, nyeusi tupu, atafute printa ya leza. Tona yake ni unga, haikauki.

Na mwenye kompyuta moja tu mezani asilipie Wi-Fi asiyoihitaji. L3210 inaunganishwa kwa waya wa USB, inatumia chupa zilezile za 103, na tofauti ya bei itanunua karatasi.