Kabla ya Kutafuta Wastani

Mwanafizikia akishapima, kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza. Mbele yake zipo namba zisizolingana, na ni lazima aamue: tofauti hizi ni za bahati tu, au zina jambo? Ufundi wa kutenganisha mawili hayo naupenda kuliko ala zote za maabara, na mfano wake ninaouheshimu zaidi ni wa Lord Rayleigh wa Uingereza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Rayleigh alikuwa akipima uzito wa nitrojeni kwa kuijaza katika tufe la kioo. Nitrojeni iliyobaki baada ya kuondoa oksijeni hewani ilikuwa na gramu 2.310. Iliyotengenezwa kwa kemikali, kwa ujazo, joto na kanieneo ile ile, ilikuwa na 2.299. Tofauti ni miligramu 11, pungufu ya uzito wa punje moja ya mchele.

Wengi wangejumlisha vipimo vyote, wakagawanya, wakaenda zao. Wastani wa vipimo 15 alivyovichapisha ni kama 2.304, namba safi isiyokuwa na kipimo hata kimoja kilichoangukia hapo! Rayleigh aliyaacha makundi mawili yasimame mbalimbali. Vipimo vya hewani vilipishana kwa chini ya nusu miligramu. Vya kemikali vilitawanyika zaidi, kama miligramu 4, lakini kizito kuliko vyote miongoni mwake hakikukifikia chepesi kuliko vyote cha hewani. Pengo liliushinda mtawanyiko. Bahati haifanyi hivyo.

Ilibaki hofu kubwa zaidi, ya kosa la kimfumo, lile linalojirudia kila upimapo na ambalo wastani hauliondoi. Rayleigh alikwisha kusahihisha hata kule kusinyaa kidogo kwa tufe linapotolewa hewa. Akabadili njia ya kuondoa oksijeni: shaba, kisha chuma. Akashuku haidrojeni imejipenyeza katika gesi nyepesi, akaijaribu, haikuwa hiyo. Tayari mwaka 1892 alikuwa ameandika katika jarida la Nature akiwaomba wanakemia maelezo. Hatimaye yeye na mwanakemia William Ramsay waliipata argoni iliyojificha ndani ya nitrojeni ya hewani, gesi iliyo karibu asilimia moja ya hewa tunayoivuta, na mwaka 1904 wote wawili wakapewa Nobel, mmoja ya fizikia, mwingine ya kemia.

Kosa la kimfumo halijazeeka. Mwaka 2011 chembe za neutrino zilizotoka maabara ya CERN kwenda Gran Sasso, Italia, zilionekana kuutangulia mwanga kwa nanosekunde 60 hivi. Vipimo vilikuwa maelfu. Tatizo kubwa lilikuwa kebo ambayo haikukazwa sawasawa.

Walimu wa fizikia, mwanafunzi akileta vipimo vyake, msimruhusu akimbilie kikokotoo. Avichore kwanza kwenye karatasi ya grafu, nukta moja moja, na ile inayojitenga asiifute mpaka aijue sababu yake.