Mcheza Kwao: Kipimo cha Mwigizaji kati ya Ngoma za Kilosa, Tamthilia za Penina Muhando na Uigizaji wa Amandina Lihamba katika Filamu

1.0 Utangulizi

Katika mapokeo ya Uingereza, wasifu wa mwigizaji huandikwa kama orodha: mahali alipofunzwa, wahusika aliowaigiza, kumbi alimoonekana, filamu alizoshiriki na tuzo alizopata. Laurence Olivier (1907–1989) ni mfano unaofahamika. Alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa National Theatre ilipoanza kazi mwaka 1963. Mwaka 1964 alimwigiza Othello jukwaani, na mwaka 1965 uigizaji huo ukahifadhiwa katika filamu. Kutokana na filamu hiyo, mhakiki wa leo anaweza kumtazama upya mwigizaji Mzungu aliyejipaka rangi nyeusi, na kuuhoji uamuzi huo wa kisanaa. Kumbukumbu, basi, haimtukuzi mwigizaji tu. Humweka pia mahali anapoweza kuhukumiwa upya.

Makala haya yanachunguza iwapo kipimo hicho cha orodha kinatosha kwa waigizaji ambao sanaa yao imechimbuka katika jamii kama zile za Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro. Hoja inayojengwa ni kwamba orodha huacha nje sehemu kubwa ya uigizaji wa Kitanzania. Hata hivyo, kuitupa kabisa kunawadhuru waigizaji wenyewe, hasa wanawake, kwa kuwa kunawaacha bila majina.

2.0 Ngoma kama Shule

Penina Muhando alizaliwa mwaka 1948 Berega, katika eneo la Wakaguru wilayani Kilosa. Anafahamika zaidi kwa tamthilia zake, zikiwemo Hatia (1972), Heshima Yangu (1974), Nguzo Mama (1982) na Lina Ubani (1984). Kazi yake isiyotajwa mara nyingi na wahakiki wa tamthilia hizo ni tasnifu ya uzamivu aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1983, ambamo alizichunguza sanaa za maonyesho za jadi kama asasi ya elimu, akiwatumia Wakaguru kama mfano.

Uchaguzi huo wa mada una uzito wa kinadharia. Ikiwa ngoma, utambaji wa hadithi na nyimbo za jando na unyago ni asasi ya elimu, basi mwigizaji ni mwalimu, na hadhira si watazamaji waliolipa kiingilio. Mwali anayeimbiwa hatarajiwi kupiga makofi kisha aende zake. Anatarajiwa kuelewa, kuitikia na kubadilika. Ubora wa onyesho hupimwa kwa mwenendo wa mwali baada ya onyesho kwisha. Hapa orodha ya wahusika walioigizwa haina maana, kwani kungwi hamwigizi mhusika mmoja anayeweza kutenganishwa na nafasi yake katika jamii.

Methali isemayo "Mcheza kwao hutunzwa" inaeleza kipimo hiki kwa ufupi. Kutunza ni kumpa mchezaji zawadi papo hapo, mbele ya watu. Anayetunza anamfahamu mchezaji, anajua mchezo wenyewe ulivyo, na anaweza kumnyima zawadi aliyeukosea. Kwa hiyo hukumu ya kisanaa hutolewa na hadhira yenye ujuzi, uwanjani palepale.

3.0 Kutoka Uwanjani hadi Jukwaani

Tamthilia za Muhando za miaka ya 1980 zinaweza kusomwa kama jaribio la kuihamishia hukumu hiyo jukwaani. Katika Nguzo Mama, wanawake wa kijiji cha Patata wanaitwa kuisimamisha nguzo, lakini kila mmoja anavutwa na dhiki ya nyumbani kwake, na nguzo haisimami. Wanawake hao wanatambulishwa kwa namba, Bi Pili, Bi Tatu na kadhalika hadi Bi Nane. Hakuna nyota katika igizo hili. Mwigizaji anayetafuta nafasi ya kung'ara peke yake ataiharibu tamthilia, maana mzigo wake ni wa kundi zima. Vilevile, katika Lina Ubani, hadithi inayotambwa ndani ya igizo inaifanya hadhira ijione kuwa imeitwa kusikiliza kwa pamoja, kama ilivyo kwa hadhira ya utambaji.

Hata hivyo, kuna kinachopotea. Jina Bi Nane linamfaa mhusika anayewakilisha wengi, lakini hali hiyohiyo ikihamia kwa mwigizaji aliyemwigiza, inakuwa ufutaji. Udhaifu huu hauko katika tamthilia bali katika uhakiki. Tahakiki nyingi za Nguzo Mama huchambua maudhui ya ukombozi wa mwanamke kutoka katika kitabu kilichochapwa, bila kuuliza ni nani aliyeigiza, wapi, na mbele ya nani. Matokeo yake ni kwamba tamthilia inayohusu kazi ya wanawake inahakikiwa huku kazi ya wanawake walioiigiza ikiwa imesahauliwa.

4.0 Sauti na Ukimya katika Filamu

Amandina Lihamba, mwenzake Muhando katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anatoa mfano wa upande wa pili. Naye ni mwandishi wa tamthilia na mtafiti. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoikamilisha Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1985, inahusu siasa na sanaa za maonyesho Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Pamoja na Ndyanao Balisidya, wawili hawa waliandika Harakati za Ukombozi (1982). Lakini Lihamba ni mwigizaji wa filamu pia. Katika Maangamizi (2001), iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, anamwigiza Samehe, mgonjwa aliyenyamaza kwa muda mrefu hospitalini hadi anapokutana na daktari aliyetoka Marekani.

Nafasi hiyo inamnyima mwigizaji wa jukwaani silaha yake kuu, yaani sauti. Hakuna kiitikio kinachoweza kumsaidia, wala hadhira ya kumtunza. Inambidi maumivu ya Samehe ayabebe kwa macho, mabega na mikono, mbele ya kamera. Hata hivyo, ukimya huo hauko mbali na mapokeo ya ngoma, ambamo mwili wa mchezaji huweza kusema lisilotamkwa. Zaidi ya hayo, jina la Lihamba limebaki katika filamu, na uigizaji wake unaweza kurejewa na kujadiliwa. Kamera imempa alichopewa Olivier, na ambacho waigizaji wengi wa Nguzo Mama hawakukipata.

5.0 Mikumi na Mpaka wa Hoja

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuichukulia sanaa ya Wakaguru kuwa ndiyo sanaa ya Kilosa yote. Reli ya kati na mashamba ya mkonge yaliileta wilayani humo nguvukazi kutoka sehemu nyingi. Upande wa kusini, Mikumi iko kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa, kando ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Katika mji wa njiani kama huo, mchezaji hana uhakika kwamba aliye mbele yake ni wa "kwao". Ngoma ikichezwa kwa ajili ya mgeni anayepita kwenda kutazama wanyama, zawadi inaweza kutolewa na mtu asiyejua kama wimbo umekosewa. Malipo yapo, lakini hukumu haipo.

Jambo hili linaonyesha kwamba kipimo cha jamii nacho kina sharti lake: kinahitaji hadhira inayodumu. Pale hadhira inapotawanyika, ujuzi wa kuhukumu hutawanyika pia, na kinachoweza kuubeba ni kumbukumbu.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba orodha ya Kiingereza na utunzaji wa Kiswahili hujibu maswali mawili tofauti. Orodha hueleza mwigizaji alifanya nini na lini. Utunzaji hueleza kazi yake ilikuwa na thamani gani kwa walioishuhudia. Uhakiki wa sanaa za maonyesho Tanzania unayahitaji majibu yote mawili. Mtafiti atakayeanzia pale tasnifu ya Muhando ya mwaka 1983 ilipoishia, awe Berega, Kilosa mjini au Mikumi, hana budi kuandika, kwa ridhaa yao, majina ya wachezaji, mahali na mwaka wa onyesho, pamoja na namna hadhira ilivyoitikia. Katika Kiswahili, kutunza ni kutuza na pia ni kuhifadhi. Uhakiki uliomtuza mwandishi wa Nguzo Mama bado una deni la kuwahifadhi waliomwigiza Bi Nane.